Sahani Tano

Nuhu ndiye aliyempa mtoto lile kopo, kwa mkono wake mwenyewe, tena akicheka. Inafaa kulisema mapema, maana baadaye alijitahidi sana kulisahau.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mtaani Murara. Ramla, binti yake wa miaka kumi na miwili, alisimama mlangoni na sare yake nyeupe na bluu, begi mgongoni, akitupa macho kila pembe ya nyumba.

"Papa, mwalimu alisema kila mutu alete kopo ya kupimia. Mama ameenda na yake?"

"Kopo ya nini tena? Munaenda kusoma ao kuuza maharagi?"

"Ni ya calcul. Mwaka wa sita tunajifunzaka kupima bintu byote, papa. Uzito, shamba, maji. Itatoka ku examen."

Nuhu alipenda kumsikia akisema hivyo. Yeye alikuwa dereva wa lori, lakini tangu barabara ya Butembo ifungwe lori la tajiri wake lilikuwa limeegeshwa, na yeye ameegeshwa nyumbani. Jioni alimfungulia mtoto madaftari akayatazama kama mtu anayetazama picha za arusi ya wengine: mito ya Afrika, mifupa ya mwili, haki na wajibu wa raia, vitenzi vya Kifaransa, hesabu za mtu aliyenunua hiki akauza kile. Mzigo wa mwaka wa sita, alisema, hata lori lake lingeinama.

Mkewe, Mwasiti, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda depo kununua maharagwe ya Masisi, na kopo zuri la maziwa ya unga alikuwa amekwenda nalo. Nyumbani lilibaki la pili, limezama ndani ya gunia. Nuhu akalichomoa, akalifuta kwa shati, akamkabidhi binti yake.

"Kamata iyi. Uwashinde bote."

Na kopo hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Miezi minne iliyopita, maharagwe yalipopanda bei na wateja hawakutaka kusikia bei mpya, yeye ndiye aliyeliweka juu ya jiwe la mviringo akaligonga kitako kwa nyundo ya magurudumu, polepole, kama fundi, mpaka kitako kikapanda ndani. Ukilitazama kwa nje huoni kitu. Mwasiti alipimia wateja kwa hilo, na kununulia kwa lile jingine. Wauzaji wengi wa soko wana makopo mawili, na hakuna anayeyatoa yote mawili mchana. Lakini mazoea yana tabu: baada ya miezi minne, kwa Nuhu lile lilikuwa kopo tu.

*

Mwalimu Kambale alikuwa Mnande wa Butembo, mtu mpole, mwembamba, aliyefundisha watoto hamsini na wanne kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Siku hiyo alikuwa amechangamka. Alikuwa na chupa ya lita moja, kikombe cha desilita moja, pipa la maji, na juu ya meza makopo manne ya watoto yaliyofanana kama mapacha.

"Achille, wewe mimina. Bengine muhesabu."

Achille akamimina, darasa likahesabu kwa Kifaransa kwa sauti moja. Kopo la kwanza, desilita kumi na mbili. La pili, kumi na mbili. La tatu, kumi na mbili. La nne, la Ramla, lilipofika kumi maji yakamwagika juu ya meza.

"Umehesabu mubaya," mwalimu akasema. "Rudilia."

Achille akarudia. Kumi. Mwalimu akamwaga maji, akalichungulia kopo ndani, akapitisha vidole. Mtu mjanja angeliweka chini na kuwaambia watoto wafungue kitabu. Lakini Kambale alikuwa na ugonjwa wa walimu wazuri: somo likishika moto, hakumbuki kitu kingine.

"Iyi ni muzuri sana! Angalieni. Kopo ni ile ile, lakini kitako kimepanda. Ramla, fika ku tableau. Muuzaji amepima makopo sita na kopo ya namna iyi. Munuzi amekosa nini?"

Ramla alikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, na alijua kuwa ni wa kwanza. Chaki ikakimbia. Desilita mbili mara sita, kumi na mbili. Kumi na mbili ni kopo zima. Akapiga mstari chini ya jibu, akageuka akitabasamu.

"Kopo moja, mwalimu! Kila makopo sita, moja inabakia kwa muuzaji!"

Akangoja makofi matatu wanayompigia mtu aliyepata. Makofi hayakuja. Watoto walikuwa wakimtazama yeye, kisha kopo, kisha yeye.

"Ni ya mama yake," Achille akasema, wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameelewa somo tu.

"Lakini mama Ramla anawekaka matabishi!" msichana mmoja akamtetea.

Ilikuwa kweli. Soko zima lilimjua Mwasiti kwa matabishi, ile konzi ya nyongeza anayotupiwa mteja juu ya alichonunua. Wengine walitoa punje za kuhesabika. Mwasiti alichota kwa mkono mzima, akatupa, akasema bismillahi. Watu walitoka mbali kumfuata.

"Basi tupime na matabishi!" sauti ikatoka nyuma. Na kabla mwalimu hajapata la kusema, mtoto mmoja aliyeleta kopo lake na maharagwe ndani akachota konzi, akaitia kwenye kikombe. Ilifika nusu ya desilita. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akapiga meza mara mbili, lakini ndiyo maji yalikuwa yamekwisha mwagika, ya kopo na ya mtoto wa watu.

Ramla akarudi kwenye benchi lake akiwa bado ameshika chaki. Upande wa kulia palikuwa wazi. Hapo ni pa Patricia, rafiki yake, ambaye hakuwa amefika shule tangu Jumatatu. Mama yake, Thérèse, alikuja Murara kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilipovunjwa, na aliishi kwa kupika maharagwe na kuwauzia wabebaji mizigo kwa sahani. Kila siku makopo matatu, kila siku kwa Mwasiti. Na kila siku, alisema, sahani tano zilipungua. Kwao Beni makopo matatu yalimpa sahani thelathini. Hapa alipata ishirini na tano. Nani anakaa na sufuria mama akienda kuteka maji? Patricia. Mama yake alimpiga mara ya kwanza, akampiga mara ya pili, na wiki hii alimtoa shuleni. Jumamosi angempeleka Vitshumbi, kwa shangazi yake anayekausha samaki, akajifunze huko kuwa mwizi hana kwao.

Patricia alimweleza Ramla hayo Jumapili, akimwonyesha mgongo. "Sikulaka hata moja," alisema. Na Ramla, ambaye sasa aibu ilimwingia, siku ile hakumwamini kabisa.

Mwalimu akafungua somo la uraia. Ramla alinakili haki na wajibu mpaka mwisho wa ubao, na hakusoma neno hata moja. Kengele ilipolia alikimbia, kopo akaliacha.

*

Mwasiti alirudi saa tisa, amekasirika. Siku nzima alikuwa ameuza kwa kopo la kununulia kwa kuwa la kuuzia hakuliona, na gunia lilikwisha mapema kuliko siku zote.

"Kopo yangu iko wapi?"

Nuhu akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu. Ramla akafungua begi. Alimpa mama yake daftari, ukurasa umefunguliwa. Mwasiti alisoma mpaka mwaka wa tatu tu, lakini namba za maharagwe hazikumpiga chenga.

"Iyi ni nini?"

"Ni hesabu ya règle de trois, mama. Kopo muzima inatoa sahani kumi. Mama Patricia ananunua makopo tatu. Yako inabebaka desilita kumi, si kumi na mbili. Njo anapata ishirini na tano." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Zile tano, Patricia hakukula. Siye njo tulikula."

Mwasiti akakaa juu ya gunia. Jambo la kwanza lililomjia mdomoni, Mungu amsamehe, lilikuwa la kijinga.

"Nani alikupatia ruhusa ya kubeba kopo yangu?"

"Papa."

"Sikumbuke," Nuhu akasema. "Kopo zote zinafanana."

"Wewe uliigonga na nyundo, leo inafanana?"

Hapo hodi ikabishwa. Alikuwa mwalimu Kambale, na mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti kwa uangalifu, kama mtu anavyofunga nyama asitake majirani waione. Hakuingia. Alikiweka kizingitini.

"Jambo papa. Jambo mama. Mutoto alisahau kintu yake."

"Karibu ukae, mwalimu," Nuhu akasema.

"Apana, aksanti, naharakisha." Alitazama ukuta. "Mama, unisamehe. Sikujua. Ni somo tu ilinipeleka mbali." Akaanza kugeuka, akaongeza, "Madame wangu pia ananunuaka kwako. Anakupendaka sana."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Mwasiti kama heshima ile. Mwalimu akaaga, akaondoka akiruka mawe meusi ya njia kwa haraka ya mtu aliyefukuzwa.

"Umuambie mama Patricia," Ramla akasema. "Wanamupeleka Jumamosi. Atakosa examen."

"Unajua unaniomba nini?" Mwasiti akasema. "Nikimuambia yule, nimeambia soko. Kesho tutakula nini?"

"Bote wanafanyaka hivyo," Nuhu akadakia. "Si mama yako peke. Na yule mama, kama anapiga mutoto wake, ni mambo ya nyumba yake."

Ramla akamtazama baba yake. Siku zote alimtazama baba huyo kama mtu aliyefika kila mahali. Sasa akamtazama kidogo tu, akageuka.

"Siendi masomo mpaka umuambie," akasema. Jioni ile maharagwe ya nyumbani hakuyagusa.

*

Kesho yake hakwenda kweli. Nuhu alitisha, akabembeleza, akataja mtihani wa taifa, akataja fimbo. Mtoto alikaa juu ya kitanda na sare yake, begi magotini, kama abiria aliyeahidiwa gari. Saa sita Nuhu mwenyewe akasema tumbo linamuuma, hataweza kufika msikitini. Aliogopa khutuba. Unaweza kukuta imamu wa watu amechagua siku hiyo hiyo kuzungumzia vipimo.

Sokoni habari ilikuwa imetangulia. Watoto hamsini na wawili wana mama hamsini na wawili. Mwasiti alikuwa ameleta kopo zima, lakini nani angejua? Wateja waliinama, wakachukua kopo, wakalichungulia ndani kama wanaotafuta mende, wakalirudisha, wakasema watapita baadaye. Mmoja alimwambia huku akicheka, "Mama Ramla, leo utatupimia na mukono tu!" Jirani yake wa kulia, ambaye kopo lake mwenyewe lilikuwa na kitako kilichopanda kuliko kilima, aligeuza uso na kusema kwa sauti kuwa watu wengine wanaharibia soko jina.

Saa nane alifunga. Alipima makopo sita mazima katika mfuko mweupe, akashika njia ya kwa Thérèse, na njia nzima alijipangia maneno. *Mama Patricia, niko na neno.* Hapana. *Mama Patricia, kuna kosa ilitokea.* Hilo lilikuwa jepesi zaidi, kosa lililotokea lenyewe kama mvua.

Thérèse aliishi katika chumba kimoja cha mbao, ndani ya ua wenye milango tisa. Alikuwa akikoroga sufuria kwa mwiko mrefu. Patricia alikuwa pembeni, akiosha sahani, na aliposikia sauti ya mgeni hakuinua kichwa.

"Mama Ramla! Kwangu? Karibu, karibu. Patricia, leta kiti!"

"Nimekuletea kidogo," Mwasiti akasema, akatua mfuko. "Niko na neno..."

Thérèse alifungua mfuko, akaona, akashika kifua.

"Byote hivi? Yesu! Mama, ngoja nikuambie kintu, usikasirike. Leo asubuhi bamama bamoja balikuja apa na uongo yabo, eti kopo yako iko na mambo. Nikawafukuza. Nikawaambia, mutu mwenye kuongeza hawezi kupunguza! Ule mama ananitupiaka matabishi kila siku, miye mukimbizi, hanijui baba hanijui mama. Mwizi wangu namujua." Akaelekeza mwiko. "Ule pale. Kesho mama Kahindo wa samaki anamubeba kwa shangazi yake."

Sahani zikagongana majini. Mwasiti alimwona mtoto kwa mgongo tu, na pale gauni lilipolegea begani palikuwa na alama nyekundu, pana kama mwiko.

"Pengine si yeye," Mwasiti akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Uko na roho muzuri, mama. Njo maana Mungu anakubariki. Patricia, pigia mama magoti, umuambie aksanti."

Mtoto akaja, akafuta mikono, akapiga magoti. "Aksanti, mama Ramla."

Mwasiti akasema asante nawe, akasema Mungu awalinde, akasema anaharakisha. Alitoka uani kama mtu anayekimbia moto. Nje ya lango alisimama akashika ukuta. Alikuwa amekwenda kurudisha alichokiiba, na amerudi na baraka juu yake.

Nyumbani Ramla alimngoja mlangoni.

"Ulimuambia?"

Mwasiti alivua viatu kwanza, kimoja, kisha cha pili.

"Nilimuambia," akasema.

Mtoto akamkumbatia kiunoni. Usiku huo alikula, akamaliza sahani, akamsomea baba yake majina ya maziwa ya Afrika. Mwasiti alilala ubavu mmoja mpaka adhana.

*

Jumamosi saa kumi na mbili Ramla alivaa sare akapitia kwa Patricia ili waende pamoja, maana mwaka wa sita husoma hata Jumamosi. Hazikupita dakika kumi akarudi. Mwasiti alikuwa akijaza gunia la soko.

Mtoto hakulia wala hakupiga kelele.

"Bado anaenda," akasema. "Amefunga begi."

Mwasiti akabaki na konzi ya maharagwe hewani.

"Ulisema ulimuambia, mama."

Kuna aibu ya kuonwa na soko, na mtu anaweza kuishi nayo; watu wa soko husahau wakipata mwingine wa kumsema. Lakini hii ya kusimama mbele ya mtoto uliyemzaa, akikutazama bila hasira, akingoja tu uanze kuwa mama yake, Mwasiti hakujua aiweke wapi. Akamwaga maharagwe. Akachukua makopo yote mawili, la kununulia na la kuuzia, moja huku na moja huku, hadharani, bila mfuko.

"Tuende," akasema.

"Mwasiti!" Nuhu akaita kutoka kitandani. "Fikiria kwanza! Mwasiti!"

Hakugeuka.

Walimkuta mama Kahindo, mchuuzi wa samaki, mwanamke mnene wa Vitshumbi, amekaa ndani ya chumba cha Thérèse anakunywa chai. Patricia amesimama mlangoni na begi la shule, lakini madaftari yalikuwa yametolewa na kupangwa chini, na ndani ya begi mlikuwa na nguo.

"Mama Patricia," Mwasiti akasema, kabla miguu haijamshauri vingine. "Mutoto hakuiba. Ni miye."

"Wewe nini?"

"Ni kopo yangu. Kitako kiliingizwa. Unanunua tatu, napima mbili na nusu. Sahani tano zako, zinabakiaka kwangu. Miezi minne."

Thérèse akamtazama, kisha akacheka kwa huruma.

"Ah, mama Ramla. Unataka kujitupia lawama ju ya uyu mutoto. Usifanye hivyo. Mwizi haponi kwa kuonewa huruma."

Mwasiti hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hakujua kuwa mtu anaweza kulazimika kuleta ushahidi dhidi yake mwenyewe, na kumbembeleza aliyemwibia akubali kuwa ameibiwa. Akapiga magoti. Mfuko mweupe wa jana ulikuwa bado kando ya ukuta, haujaguswa. Akachota, akajaza kopo la kuuzia mpaka mdomoni, akalisawazisha kwa kiganja. Kisha akalimimina katika lile kopo zima, mbele ya macho yao.

Halikujaa. Ilibaki nafasi ya vidole viwili.

"Rudilia," mama Kahindo akasema, akiweka kikombe chini. Yeye alikuwa mfanyabiashara.

Mwasiti akarudia. Vidole viwili vile vile.

Thérèse alichuchumaa. Alitia mkono wake katika kopo la kuuzia, akapapasa kitako kilichopanda, akauacha mkono ndani. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Na matabishi ilikuwa ya nini?"

Ramla alimtazama mama yake. Jibu hilo halikuwa katika daftari.

"Ili usiangalie kopo," Mwasiti akasema.

Huko uani mtu alikuwa akipiga mswaki, akitema, akipiga tena. Thérèse akatoa mkono, akautazama kama si wake.

"Nilimupiga na mwiko," akasema. "Wa moto."

Mama Kahindo akainuka, akachukua kapu lake. "Gari haitaningoja. Uyu mutoto, naenda naye ao anabakia?"

Thérèse akatikisa kichwa kukataa. Mama Kahindo akatoka akinung'unika kwa Kinande, na alipompita Mwasiti alivuta gauni lake lisimguse.

Patricia alikuwa bado amesimama na begi. Ramla alikuwa ameanza kuokota madaftari, moja moja, akiyapangusa vumbi, na kumpa. Patricia hakuyapokea. Alikuwa akimtazama Mwasiti, na Mwasiti, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, alikuwa sawa naye kwa kimo.

"Unisamehe, mutoto wangu," Mwasiti akasema.

"Nilishaanza kuzani ni miye," Patricia akasema. "Nilizani nakulaka na nasahau."

Kisha akamtazama mama yake, akaitazama tena sura ya Mwasiti, na akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtoto anayeuliza mwalimu kama zoezi lote linafanywa au nusu.

"Wakati mama alinipiga, bantu ba parcelle bote, mulango kwa mulango, balisikia. Batoto bao bananiita mwizi. Utabaambia na bo?"

Mwasiti alifungua mdomo. Angeweza kusema nimekwisha mwambia mama yako, inatosha. Angeweza kusema habari itafika yenyewe, na kweli ingefika. Alimwona Ramla amesimama na madaftari kifuani, akingoja.

"Nitabaambia," akasema.

"Leo?"

"Leo. Sasa ivi."

Patricia akatua begi. Akanyoosha mkono, si kwa upendo, ila kwa jinsi mtu anavyomshika kipofu ili asipotee njia, akamwinua. Wakatoka uani, mtoto mbele, Mwasiti nyuma na makopo yake mawili. Jua lilikuwa limepanda na watu walikuwa bado hawajaenda kazini. Milango ilikuwa tisa. Ukitoa wa Thérèse, minane.

Kwenye wa kwanza Patricia akasimama kando, akampisha. Mwasiti akabisha.

"Nani?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka ndani.